Jinsi ya Kuchagua Kiwango cha Protini kwa Vifaranga wa Kware

Kware wa Kijapani, ambaye ndiye anayefugwa zaidi Kenya na Tanzania, hutotolewa baada ya siku 17 au 18 akiwa na uzito wa gramu 7 au 8 hivi, na akitunzwa vizuri huanza kutaga akiwa na wiki 6 au 7. Kasi hiyo ya kukua haiwezekani bila protini nyingi katika siku za mwanzo, na ndiyo sababu chakula cha vifaranga wa kuku wa mayai, ambacho kwa kawaida kina protini ya asilimia 18 hadi 20, hakimtoshi hata kama anakila kwa hamu.

Hatua ya 1: Weka lengo kulingana na umri

Viwango vilivyochapishwa na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani mwaka 1994 vinataka protini ya asilimia 24 kwa kipindi chote cha ukuaji na asilimia 20 kwa kware wanaotaga. Kwa maoni yangu, wiki 3 za kwanza hazina mjadala: toa asilimia 24 hadi 26. Kuanzia wiki ya 4, anayefuga kwa ajili ya mayai anaweza kushuka hadi 20 au 22 ili kupunguza gharama, lakini anayefuga kwa ajili ya nyama abaki na 24. Ukitaka kubana matumizi, usianzie kwa vifaranga wa wiki ya kwanza, kwa sababu hula kidogo mno na akiba utakayoipata ni ndogo kuliko hasara ya kware waliodumaa.

Kuzidisha nako si busara. Protini isiyotumika mwilini hutoka kwenye kinyesi, matandazo hulowa na hewa ya bruda (sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga) hujaa amonia inayowasha macho na kuumiza mapafu ya vifaranga.

Hatua ya 2: Soma lebo ya mfuko

Tafuta maneno "protini ghafi" (yaani jumla ya protini iliyokadiriwa katika chakula) na tarehe ya kutengenezwa. Mfuko usio na maelezo hayo uache dukani. Kinachofaa kuwa msingi ni chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama, ambacho mara nyingi kina asilimia 20 hadi 22. Chakula cha kuku wanaotaga kisitumike kamwe kwa vifaranga, kwa kuwa kalsiamu yake nyingi huharibu figo zao.

Hatua ya 3: Kokotoa mchanganyiko

Chukulia kwamba chakula ulichonunua kina asilimia 20, mashudu ya soya (mabaki ya soya iliyokamuliwa mafuta) yana 44, na unataka 24. Toa 24 kwenye 44 upate 20, ambayo ni sehemu za chakula. Kisha toa 20 kwenye 24 upate 4, ambayo ni sehemu za soya. Uwiano ni 5 kwa 1, yaani kilo 10 za chakula kwa kilo 2 za mashudu ya soya.

Mimi napendelea kugawa nyongeza hiyo kati ya soya na dagaa, kwa sababu kware hahitaji protini kwa jumla tu bali pia asidi amino maalumu (viini vinavyounda protini), hasa lisini na methionini. Soya ina lisini ya kutosha lakini methionini yake ni chache, na dagaa huziba pengo hilo. Kilo 13 za chakula cha asilimia 20, kilo 1 ya mashudu ya soya na kilo 1 ya dagaa wasafi wenye takriban asilimia 55 hutoa karibu asilimia 24.

Hesabu hii ni sahihi tu ikiwa malighafi ni safi. Korogea konzi ya dagaa waliosagwa ndani ya chupa ya maji. Mchanga utatuama chini, na ukionekana mwingi, badilisha muuzaji. Epuka pia dagaa wenye chumvi nyingi. Soya nzima lazima ikaangwe kabla ya kusagwa, kwani ikiwa mbichi huzuia usagaji wa protini tumboni.

Hatua ya 4: Saga na ulishe

Chembe zilizotengenezwa kwa kifaranga wa kuku ni kubwa kwa mdomo wa kware, hivyo zisage upya na kuzichekecha. Chakula kiwepo muda wote, pamoja na maji katika chombo chenye kokoto ili vifaranga wasizame.

Hatua ya 5: Pima na ubadilishe

Kila wiki pima vifaranga 10 na uandike wastani. Manyoya yanayochelewa, ukubwa unaotofautiana sana na kudonoana ni dalili za kuchunguza protini, ingawa msongamano na joto lisilofaa huleta dalili zizo hizo, kwa hiyo kagua bruda kabla ya kubadilisha mchanganyiko.

Kware wa kwanza wanapokaribia kutaga, hamia chakula cha asilimia 20 chenye kalsiamu ya asilimia 2.5 hadi 3, ukikiongeza kidogo kidogo kwa siku 4 au 5.