Kutunza Risasi za Leseni Nyumbani na Kuzitumia kwa Zamu Kabla Hazijaharibika

Kabla ya kutafuta mahali pa kuweka risasi, fungua cheti chako cha kumiliki silaha uisome idadi iliyoandikwa humo. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, cheti hutaja kiasi cha risasi unachoruhusiwa kununua na kiasi unachoruhusiwa kuwa nacho kwa wakati mmoja. Kiasi hicho cha pili ndicho kinachotawala yote nitakayoeleza, kwa sababu hakikuachii nafasi ya kulimbikiza: anayetaka risasi mpya hana budi kwanza atumie za zamani au azirudishe. Akiba ya mwenye leseni, awe Njoro, Kisumu au Kakamega, inafanana na ghala la mahindi la mwenye shamba dogo. Haiwi kubwa, lakini kilichomo sharti kiwe kizima, na gunia la msimu uliopita hutoka kabla ya lile la msimu huu.

Risasi moja ina sehemu nne: ganda, ambalo mara nyingi ni la shaba ya manjano, fataki, ile duara ndogo kwenye kitako inayogongwa na pini, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. Baruti isiyo na moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliivumbua mwaka 1884, msingi wake ni nitroselulosi, na nitroselulosi huoza polepole yenyewe. Watengenezaji huichanganya na dawa ya kuituliza, kwa kawaida difenilamini, na dawa hiyo huliwa kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka. Joto huharakisha kuliwa huko. Ndiyo maana risasi zilizotunzwa mahali pakavu na baridi zinaweza kufyatuka vizuri baada ya miongo kadhaa, ilhali zile zilizoachwa darini chini ya mabati, au kwenye gari linaloshinda juani, huzeeka kabla ya wakati wake.

Adui wa pili nilimjua kwa hasara. Kwa muda nilikuwa nikiweka risasi zangu za milimita 9 katika kasha la chuma lenye kufuli, nililolifunga kwa boliti kwenye ukuta wa stoo. Stoo hiyo ilikuwa na kivuli, haikuvuja, na usiku wa kwetu Njoro, kaunti ya Nakuru, una baridi, hivyo nilijiona nimefanya kazi nzuri. Nilichosahau ni kwamba upande wa pili wa ukuta kulikuwa na banda la kuku, na kwamba magunia ya mbolea yalipangwa humo humo. Misimu miwili ya masika ilipita. Shemeji yangu wa Kisumu, ambaye naye ana leseni na amebeba silaha miaka mingi kuliko mimi, aliponitembelea, tulilifungua kasha pamoja. Aliinua risasi moja, akaigeuza dirishani, akapitisha ukucha kwenye shingo ya ganda.

"Shemeji, hili limepasuka," akasema. "Hapa unafuga kuku au unatunza risasi?"

Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, ukishuka kutoka mdomo wa ganda, na kuuzunguka kulikuwa na unga wa kijani. Amonia inayotoka kwenye kinyesi na mkojo wa wanyama hula shaba ya manjano mahali palipovutwa na kukazwa wakati wa kuundwa, na ganda hupasuka likiwa limelala tu. Jambo hili si geni: wanajeshi wa Uingereza nchini India walizikuta risasi zao zimepasuka baada ya msimu wa mvua, zikiwa zimehifadhiwa katika mazizi ya farasi, na chanzo chake kilielezwa kikamilifu mwaka 1921. Sisi wa Nakuru, ambao karibu kila boma lina ng'ombe, kuku au stoo ya mbolea, tunapaswa kulichukulia kwa uzito kuliko wakazi wa mjini. Risasi ziwekwe ndani ya nyumba ya kuishi, mbali na mbolea, sabuni zenye amonia na kemikali za shambani. Zisikae pia katika mkanda au mfuko wa ngozi kwa miezi, kwa kuwa dawa zilizotumika kuiandaa ngozi hiyo huzalisha kutu ile ile ya kijani.

Mahali panapofaa ni chumba cha ndani kisichopigwa na jua la mchana, kwenye sefu iliyofungwa kwa boliti, na iinuliwe kidogo kutoka sakafuni kwa sababu saruji hupitisha unyevu. Ndani ya sefu, acha risasi katika boksi zake za dukani. Boksi hizo huzuia risasi kugongana na hubeba namba ya toleo, ambayo utaihitaji kiwanda kikitangaza kuwa toleo fulani lina kasoro. Kwa anayeishi karibu na ziwa, ambako hewa ni nzito, weka boksi hizo ndani ya chombo cha plastiki chenye mpira wa kuzibia, pamoja na kifuko cha jeli ya silika kinachobadilika rangi kikishiba maji. Usipake mafuta risasi zenyewe. Mafuta mepesi ya kupuliza yanaweza kupenya kando ya fataki na kuiua, na hutajua hadi siku utakapovuta kifyatulio.

Sasa tuje kwenye zamu yenyewe. Siku unaponunua boksi, andika tarehe juu ya mfuniko kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha uandike katika daftari tarehe, aina, namba ya toleo na idadi. Mimi napanga boksi mpya nyuma na ya zamani mbele, ili mkono usiwe na la kuchagua. Tuseme cheti chako kinaruhusu risasi 100. Utakuwa na boksi mbili za 50, na zilizo kwenye magazini ya bastola, yaani kile kibweta cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini, zimo katika hesabu hiyo. Mara moja kwa mwaka, na kwa maoni yangu wakati mzuri ni mwezi Februari kabla ya masika, nenda na boksi ya zamani kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, uitumie kwa mazoezi mbele ya mkufunzi, kisha ndipo ununue nyingine. Mpangilio huo usigeuzwe. Ukinunua kwanza ukidhani utazitumia za zamani wiki ijayo, kwa wiki hiyo umepita kiasi cha cheti chako, na nia njema haiwi hoja mbele ya afande anayehesabu.

Zile za kwenye magazini zinahitaji uangalifu wa pekee, na hapa ndipo waangalifu wengi hukosea. Mtu hufika nyumbani jioni, huitoa risasi iliyo katika mtutu, asubuhi huirudisha risasi ile ile. Kila mara inaposukumwa na slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na mbele, kichwa chake hugonga njia ya kupandia na huweza kuingia ndani ya ganda kwa sehemu ya milimita. Nafasi ya baruti ikipungua, nguvu ya mlipuko hupanda kuliko ilivyokusudiwa, na bastola inaweza kukuharibikia mkononi. Simamisha risasi hiyo mezani kando ya mpya ya boksi lile lile, uziangalie kwa usawa wa jicho. Ikiwa fupi hata kidogo, itenge kwa ajili ya kuirudisha, usiipeleke mazoezini. Zilizosalia kwenye magazini ndizo za kwanza kupigwa Februari.

Mwenye bunduki ya marisau ana onyo lake. Katriji, yaani risasi ya bunduki hiyo, hupimwa kwa namba, na namba ikiwa kubwa unene huwa mdogo. Ya namba 20 ni nyembamba kuliko mtutu wa namba 12: huteleza ndani na kukwama mbele, ikiacha nafasi ya mtu kutia ya namba 12 nyuma yake na kufyatua. Ndiyo sababu viwanda vingi huzipaka za namba 20 rangi ya manjano. Namba mbili zisikae kamwe kwenye chombo kimoja wala mfuko mmoja.

Ukikagua, tafuta ganda lenye ufa au lililobonyea, kichwa kinachotikisika, fataki iliyozama au kuvimba, na kutu inayoacha shimo. Weusi mwepesi wa shaba si kasoro. Uwanjani, risasi isipolia, uelekeze mtutu kwenye shabaha kwa nusu dakika kabla ya kuitoa, kwa kuwa fataki iliyochoka inaweza kuchelewa. Ikilia kwa sauti hafifu isiyo ya kawaida, acha mara moja na umwite mkufunzi. Huenda kichwa kimekwama ndani ya mtutu, na risasi itakayofuata inaweza kulipua silaha.

Silaha na akiba ya risasi zitenganishwe kwa kufuli mbili tofauti, na funguo zisitundikwe pamoja. Watoto hujua ufunguo unapofichwa kabla ya wageni wote, kwa hiyo ufunguo ubaki mwilini mwako au uwe wa namba unazozijua wewe pekee. Moto ukitokea, risasi zisizo ndani ya silaha hupasuka na kurusha vipande vya ganda kwa nguvu ndogo, lakini vinaweza kumpofusha mtu. Waambie wazima moto mapema zilipo, na usithubutu kuingia kuziokoa. Usizifungie kwenye bomba au kasha zito lisilo na pa kupumulia, maana hapo mgandamizo hugeuka kuwa bomu.

Zilizotengwa kwa ubovu hazitupwi chooni, hazizikwi shambani, hazichomwi pamoja na takataka. Zipeleke, ukiwa na cheti chako, kwa muuzaji mwenye leseni au kituo cha polisi, uombe maandishi ya kupokelewa yanayotaja idadi, na uyabandike kwenye ukurasa ule ule wa daftari ulikoandika siku ulipozinunua. Ikiwa hesabu ya daftari na ya sefu zinatofautiana hata kwa moja, na umehesabu mara mbili, toa taarifa polisi siku hiyo hiyo.