Namna ya Kufasiri Wanyama katika Riwaya ya Kinjozi ya Kijapani

Msomaji aliyezoea ngano za sungura mjanja na fisi mlafi huifungua riwaya ya mwandishi wa Kijapani Haruki Murakami akiwa na tafsiri tayari mkononi, na hapo ndipo anapopotea. Katika riwaya ya kinjozi, ambamo mambo hutokea kama ndotoni, mnyama hana tabia aliyopangiwa kabla. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza paka ni ishara ya nini, andika pembeni ametokea lini, nani amemwona, na ni jambo gani lililobadilika alipotoweka.

Chukua riwaya ya Murakami Nejimaki-dori Kuronikuru (kwa Kiingereza The Wind-Up Bird Chronicle), iliyotolewa kwa juzuu tatu mwaka 1994 na 1995. Toru Okada anamtafuta paka wa nyumbani aliyepotea, na haupiti muda mrefu mkewe, Kumiko, naye anaondoka. Paka huyo amepewa jina la Noboru Wataya, shemeji ambaye Toru anamchukia. Anaporudi, Toru anambadilisha jina na kumwita Sawara, jina la samaki. Anayekimbilia kusema kwamba paka huleta bahati nchini Japani hupitwa na tendo lenyewe, yaani mtu kuliondoa jina la adui nyumbani mwake. Ndege wa riwaya hiyo ni mgumu zaidi, kwani husikika kama anayekaza springi lakini haonekani. Orodhesha wanaomsikia, kisha ulinganishe yanayowapata.

Hatua inayofuata ni historia, ambayo wasomaji wengi huiruka. Sura ya wanyama kupigwa risasi katika bustani ya wanyama ya Hsinking, Manchuria, eneo la kaskazini-mashariki mwa China lililotawaliwa na Japani, mwezi Agosti 1945, haieleweki bila kujua kwamba jeshi la Kisovieti lilikuwa linakaribia na kwamba askari wa Kijapani walikuwa wakitii amri. Vivyo hivyo, kondoo anayemwingia mtu na kumtawala katika riwaya ya Murakami ya mwaka 1982 hubeba uzito mwingine ukikumbuka kwamba ufugaji wa kondoo ulihimizwa na serikali ya Japani ya enzi ya Meiji (1868–1912) kwa ajili ya sufu, zikiwemo sare za jeshi.

Masimulizi ya kale yaje mwisho. Katika imani za Kijapani mbweha ni mjumbe wa Inari, mungu wa mpunga, na pia ni laghai, kwa hiyo imani hiyo peke yake haiamui lolote. Itumie pale tu matini yenyewe inapokuelekeza huko. Mnyama akibaki fumbo baada ya hayo yote, mwachie alama ya kuuliza ukingoni mwa ukurasa, kisha urudi kwake utakapoisoma riwaya mara ya pili.