Simu imepotea au imeibiwa: uende polisi au uachane nayo?

Jibu fupi: nenda. Ila nenda ukijua unafuata nini, maana wengi wanaenda wakidhani afande atanyanyuka kwenye kiti saa hiyohiyo aanze kumkimbiza kibaka, hakuna kitu kama hicho, wanarudi wamenuna na kuwaambia wenzao polisi ni kupoteza muda tu. Unachofuata pale ni karatasi yenye namba ya ripoti. Simu ikirudi ni bahati. Yangu haikurudi, lakini ile karatasi ilinifaa kuliko nilivyotegemea.

Mimi niliibiwa kwenye basi, limejaa, nimeshika bomba kwa mkono mmoja, simu iko mfuko wa mbele wa suruali, nashuka najipapasa, mfuko mwepesi. Nikaanza ule ujinga tunaoufanya wote wa kukagua mfuko uleule mara tano kama vile simu itaota humo. Halafu nikakimbilia polisi moja kwa moja, na hapo ndipo nilipokosea. Askari akafungua daftari, akaandika jina, aina ya simu, rangi, halafu akauliza, "IMEI?", yaani ile namba ya utambulisho ya simu yenyewe. Nikabaki namwangalia tu. Boksi nilishatupa siku ileile niliyonunua, risiti sijui hata ilikoishia. Akaweka kalamu chini, akaniambia taratibu kabisa, "Kaka, nyeusi kama hiyo zipo nyingi mno, katafute namba urudi." Na muda wote huo nimekaa kwenye foleni laini yangu ilikuwa hewani.

Kwa hiyo kabla hujaenda popote, azima simu ya mtu aliye karibu na uipigie yako. Usicheke, simu nyingi "zilizoibiwa" zimeangukia kwenye kiti cha gari na kuna mtu anaisikia ikilia. Ikizimwa au ikikatwa mara mbili tatu, basi hapo umeshapata jibu.

Kinachofuata watu wanabishana: ufunge laini kwanza au uitafute simu kwanza kwenye ramani? Ukifunga laini simu inakosa bando, na isipokuwa na waifai inaweza isionekane tena, hilo ni kweli. Lakini mimi nasema kama namba yako ina pesa, au inapokea kodi za benki na za akaunti zako (zile namba za kuthibitisha zinazokuja kwa meseji), funga laini kwanza, ramani utaiangalia baadaye. Loki ya skrini hailindi laini. Mwizi anaichomoa, anaichomeka kwenye kiswaswadu, anabonyeza "nimesahau nywila" kwenye akaunti zako, na kodi zinamwingilia yeye. Labda uwe uliweka PIN kwenye laini yenyewe, ambayo ikikosewa mara 3 laini inajifunga mpaka ipatikane PUK, namba ya kuifungulia, ya tarakimu 8, ila sijui ni watu wangapi wameiweka, mimi mwenyewe niliiweka baada ya kulizwa. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, waambie wafunge laini na huduma ya pesa, halafu piga na benki.

Ukishamaliza hapo ingia kwenye akaunti yako ya Apple au Google kupitia simu nyingine au kompyuta, ufungue huduma ya kutafuta simu. iPhone inatumia Find My, unaiweka kwenye hali ya kupotea. Android ni Find Hub, ile ya zamani iliyokuwa inaitwa Find My Device, na kama nywila imekutoka kichwani kwa presha ipo android.com/lock ambayo kwa simu nyingi inafunga skrini kwa kutumia namba yako ya simu tu, ilimradi huduma hiyo ilikuwa imewashwa. Piga skrinishoti ya mahali inapoonekana pamoja na saa. Usikimbilie kufuta kila kitu, kwenye Android ukishafuta kwa mbali huwezi tena kuifuatilia. Na hata ukifuta, usiitoe simu kwenye akaunti yako, nitasema kwa nini huko chini.

Halafu IMEI. Hii ni namba ya kifaa chenyewe, tarakimu 15, haihusiani na laini, ndio maana kufunga laini na kufunga simu ni mambo mawili tofauti. Kama simu bado unayo mkononi sasa hivi unaposoma hapa, bonyeza *#06# itatokea, iandike mahali pengine nje ya simu hiyohiyo, sio kwenye notsi za simu maana zitaondoka nayo. Simu ya laini mbili inakuwa na IMEI mbili, chukua zote. Kama imeshakwenda, angalia boksi, risiti, au kwenye akaunti ya Apple sehemu ya vifaa vyako, wa Android bonyeza jina la simu yako kwenye Find Hub. Ukikosa kote huko waulize kampuni ya simu, mtandao wenyewe unaiona IMEI kila simu inaposhika mtandao.

Sasa ndio uende polisi. Beba kitambulisho, IMEI, risiti kama ipo, namba ya laini, na hizo skrinishoti. Sema ilivyotokea bila kuongeza chumvi. Hapa kuna mtego, bima nyingi zinalipa wizi lakini hazilipi simu iliyopotea tu, kwa hiyo mtu aliyesahau simu mahali anaanza kutunga stori ya watu wawili na pikipiki. Acha. Ripoti ya uongo ni kosa la jinai, na maelezo yako yameshaandikwa na umeyasaini. Kama hujui iliibiwa au ilidondoka, sema hivyohivyo, "niliiona mara ya mwisho saa fulani, sehemu fulani". Kabla hujaondoka omba usomewe IMEI kama ilivyoandikwa, tarakimu moja moja, maana ikikosewa moja tu umeripoti simu ambayo sio yako. Na hakikisha umeondoka na namba ya ripoti.

Ile karatasi inafanya nini? Bima wanaidai, na mara nyingi wanaweka kikomo cha muda, kwa hiyo kuripoti baada ya mwezi unajinyima mwenyewe. Kampuni za simu nyingi zinaihitaji ili zifungie IMEI. Na lingine ambalo watu hawalifikirii, laini imesajiliwa kwa jina lako. Mtu akiitumia kutapeli, wa kwanza kutafutwa ni wewe, na hapo kuwa na ripoti yenye tarehe na saa ni tofauti na kuanza kujieleza mdomo mtupu.

Ukweli kuhusu kufungia IMEI ni kwamba sio dawa ya kila kitu. Ipo orodha ya pamoja ya simu zilizoibiwa inayoendeshwa na GSMA, umoja wa mitandao ya simu, lakini sio nchi zote na mitandao yote inaifuata, kwa hiyo simu ikivushwa mpaka inaweza kuendelea kupiga kazi kama kawaida. Na wapo mafundi wanaobadilisha IMEI, tatizo la siku nyingi tu, Uingereza walishatunga sheria ya kulizuia tangu 2002. Ila bado inapunguza bei ya simu yako kwa yule mwizi, na mimi hilo pekee linaniridhisha.

Kuhusu ile doti kwenye ramani, tafadhali usiende mwenyewe. Najua unavyojisikia, unaiona kabisa iko nyumba ile pale. Lakini kwenye majengo yaliyobanana hiyo doti inaweza kukosea kwa makumi ya mita, na ikiwa ghorofa haikwambii ni ya ngapi, utagonga mlango wa mtu asiye na hatia au utagonga ule wenyewe, na sijui upi ni mbaya zaidi. Wape polisi. Wao pia sehemu nyingi hawawezi kuvunja mlango kwa sababu ya doti tu, wanahitaji kibali, kwa hiyo usishangae wakikwambia subiri.

Kuna wakati polisi hakuna haraka? Upo. Kama una uhakika umeiacha sehemu fulani na hakuna dalili ya mtu kuichukua, funga laini, jipe masaa machache, rudi ulikopita ukaulize. Na sehemu nyingine ripoti ya kupoteza inajazwa mtandaoni, foleni huihitaji kabisa.

Sasa lile la kutoitoa simu kwenye akaunti. Wiki tatu baada ya kuibiwa nikapata meseji kwenye simu mpya: simu yako imepatikana, bonyeza hapa uone ilipo. Moyo ulidunda kweli. Nikabonyeza, ukurasa unafanana na wenyewe kabisa, unaomba barua pepe na nywila, nikaanza hadi kuandika, kilichonistua ni anwani ya juu ilivyokuwa na herufi za ajabuajabu. Ni wao. iPhone tangu 2013, na Android nyingi tangu 2015, hata uzifleshi, yaani uzifute zote zianze upya, zinadai akaunti ya mwenyewe, bila hiyo wana kioo na betri tu, kwa hiyo wanakutafuta wewe uwafungulie. Namba yangu waliitoa wapi? Niliiweka mimi mwenyewe kwenye ule ujumbe wa "ukiokota piga hapa" unaotokea kwenye skrini ukiifunga simu kwa mbali. Wengine wanapiga kabisa, anajiita fundi, anakubembeleza uitoe kwenye akaunti ili "aikague". Usiitoe, na hizo meseji zipeleke palepale ulipofungua ripoti, namba ya ripoti si unayo.

Na ikipatikana, rudi ukafute ripoti na uwaambie kampuni ya simu wafungue IMEI. Jamaa yangu aliikuta yake chini ya siti ya gari baada ya siku nne, akafurahi, akasahau kumwambia mtu yeyote. Laini ya kwanza haikushika mtandao, akanunua nyingine, nayo vilevile, akaenda kugombana na wakala kuhusu laini mbovu, kumbe simu ameifungia mwenyewe.