Kutengeneza unga wa lukuma nyumbani, na hatua iliyonigharimu kilo tatu za matunda

Jirani yangu hapa Lima, mama mtu mzima mwenye kisukari, aliniletea kifuko cha unga wa lukuma alichouziwa kwa maelezo kwamba ni utamu wa asili usiopandisha sukari ya damu, akaniomba nimfundishe kuutengeneza mwenyewe kwa kuwa bei ilikuwa imemshinda. Nilikubali kwa sharti kwamba kabla ya kushika kisu tuzungumze kwanza juu ya maelezo hayo.

Lukuma, ambayo Wahispania huiandika lúcuma, ni tunda la mabonde ya Andes, na watu wa Peru wamelijua tangu zamani za kabla ya Wainka, kwani wafinyanzi wa Moche katika pwani ya kaskazini waliliunda kwenye vyombo vyao vya udongo. Ganda lake ni la kijani, nyama yake ni ya rangi ya chungwa na kavu, na mwenye kulionja mara ya kwanza atakumbuka kiazi kitamu kilichochemshwa kikapoa, chenye harufu ya sukari guru. Karibu robo tatu ya nyama hiyo ni maji, na takriban gramu 25 katika kila gramu 100 ni wanga, zikiwemo sukari zake. Tofauti yake na sukari nyeupe ni kwamba utamu wake huja pamoja na nyuzinyuzi, niasini, na beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ni kweli kwamba katika maabara dondoo za lukuma zimeonekana kuzuia alfa-glukosidesi, kimeng'enya kinachovunja wanga utumboni, lakini jambo lililotokea ndani ya mrija wa kioo halimpi mgonjwa ruhusa ya kula bila kipimo. Kwa mwenye kisukari, unga huu huhesabiwa pamoja na wanga mwingine wa siku hiyo, wala haupunguzi dozi ya dawa.

Hatua ya kwanza: kuchagua. Sokoni utakuta lukuma za aina mbili, seda yenye nyama laini na palo yenye nyama ngumu. Wauzaji watakusifia seda, na kwa kula mbichi wana haki, ila kwa unga mimi huchukua palo kwa sababu hukatika vipande safi bila kupondeka.

Hatua ya pili: kuivisha. Tunda bichi lina utomvu mweupe unaonata na kukausha ulimi, na utomvu huo hautoki kwa kukaushwa. Yafukie matunda katika nyasi kavu au yafunge katika gazeti kwa siku kadhaa, hadi ganda lianze kugeuka manjano na kubonyea kidogo chini ya kidole gumba.

Hatua ya tatu: menya, toa kokwa, kata vipande vya milimita 4.

Hatua ya nne: kukausha. Mara ya kwanza nilitumia oveni ya gesi, ambayo hata moto wake ukiwa mdogo kabisa ulikuwa mkali mno. Vipande vilifanya gamba gumu kwa nje huku unyevu ukibaki umefungiwa ndani, nami kwa kuvigusa juu juu nikaamini vimekauka. Nilipovisaga, blenda ilijaa bonge kama ugali uliolala, nikashinda kuanzia magharibi hadi baada ya saa sita usiku nikikwangua visu, na kilo tatu za matunda zikaishia jalalani. Mara ya pili vilikauka vizuri, lakini niliviacha kwenye trei hadi asubuhi katika majira ya baridi ya Lima, ambapo ukungu wa garúa huingia hata chumbani, na kulipokucha vilikuwa vimelainika tena.

Tangu hapo situmii chochote isipokuwa kikaushio cha umeme chenye feni, nikikiweka kwenye nyuzi 55 za selsiasi kwa saa 10 hadi 12 na kuzungusha trei kila baada ya saa tatu. Jua silipendi, kwa kuwa mwanga huharibu beta-karotini, na katika mji huu lenyewe halitokezi kwa miezi kadhaa. Saa hizo nazo si za kutegemea peke yake, kwa hiyo pima uzito: kilo moja ya vipande vibichi inapaswa kushuka hadi karibu gramu 300, na ikiwa mizani bado inaonyesha gramu 400, rudisha trei hata kama vipande vinaonekana vikavu. Kisha acha kipande kimoja kipoe na ukivunje, kwa sababu kipande cha moto hupinda hata kikiwa kikavu. Kinapaswa kukatika kwa mlio. Vilivyobaki vifungie mara moja, vikishapoa, katika chupa kavu ya kioo, na ukikuta mvuke kwenye kioo asubuhi yake, visirudi popote isipokuwa kwenye kikaushio.

Hatua ya tano: kusaga. Kinu kidogo cha kusagia kahawa hushinda blenda yoyote niliyowahi kumiliki. Saga kwa mipigo mifupi ili visu visipate joto, chekecha, na urudishe makapi.

Hatua ya sita: kuhifadhi. Weka katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, kabatini penye giza, na kijiko kinachoingia humo kiwe kikavu.

Hatua ya saba: kutumia. Unga huu si mkali kama sukari, na katika chai hutuama chini ya kikombe, kwa hiyo usiutafutie kazi hiyo. Mahali pake ni maziwa, uji, mtindi na aiskrimu, na mafuta yaliyomo katika maziwa husaidia mwili kupokea beta-karotini. Mahali pa kijiko kimoja cha sukari mimi huweka viwili vya lukuma. Jirani yangu nilimwekea kimoja tu cha chakula, ambacho kwenye mizani yangu ni gramu 9, katika bilauri ya maziwa yasiyotiwa sukari, naye alijipima sukari kabla ya kunywa na saa mbili baadaye, akaandika namba zote mbili ili amwonyeshe daktari wake.