SOMO: Kuchuma majani ya mkulo kwa ajili ya kupima vinasaba

Wiki hii nimeulizwa jambo hilihili mara nne, basi naliandika mara moja. Ni mkulo wa huku kwetu Kilimanjaro, mti wa mbao unaonukia kafuri.

1. Kibali kwanza. Tangu 2005 msitu umo ndani ya hifadhi ya taifa. Anzia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori).

2. Chuma jani changa, safi, lisilo na ukungu. Kipande cha upana wa vidole viwili kinatosha.

3. Umbali kati ya mti na mti. Hapa ndipo nilipoharibu kazi. Mkulo huchipua kutoka mizizini, na machipukizi hayo hukua yakawa miti mikubwa, kila mmoja na shina lake, ila vinasaba ni vya mti mama uleule. Safari yangu ya kwanza, juu ya Mweka, nilichuma miti 30 kwa siku moja nikashuka nimefurahi. Majibu ya maabara yalipotoka, sehemu kubwa ya miti ile ilikuwa na vinasaba vilevile. Nilikuwa nimezunguka visiki vichache vilivyooza, vimefunikwa na kuvumwani na majani, nisivione. Ukikuta miti imesimama kama duara, simama! Fukua katikati kwa mguu, utafute kisiki. Siku hizi naacha mita 100 na kuandika GPS ya kila mti. Usipofanya hivyo utaandika kwamba msitu umepungukiwa uanuwai (tofauti za vinasaba kati ya mti na mti), kumbe umepima mti mmoja mara kumi.

4. Kausha jani kwa chembe za silika, zinazonyonya unyevu; ziwe mara kumi ya uzito wa jani. Jani likauke ndani ya siku moja, ulikunje livunjike kwa mlio.

5. Andika bahasha kwa penseli. Wino hukimbia mvua ikinyesha.

MASWALI

Kijana wa Uru: Dada, tuache mita ngapi?
— Hatua ya 3.

Mwanachuo: Nimeanika juani siku tatu, yamegeuka kahawia. Yanafaa?
— DNA imeshakatikakatika. Nimeandika siku moja. Rudi ukachume upya.

Mama wa Kibosho: Mwanangu, sisi wa jirani na nusu maili (ukanda wa msitu unaopakana na vijiji) tumepanda miche iliyotoka mizizini. Ina maana tumepanda mti mmoja?
— Shikamoo mama. Kama yote imetoka kwa mti mmoja, ndiyo, na ugonjwa ukiuweza mmoja utaiweza yote. Kwa ruhusa ya wenye msitu, chukueni miche ya mabonde mbalimbali, muichanganye kitaluni. Mbegu zikipatikana ni bora zaidi, kwa kuwa kila mbegu ina mchanganyiko wake. Nitafurahi kuja kuwaonyesha.

Mdau wa Machame: Silika yangu ya buluu imegeuka pinki. Nitupe?
— Usitupe, imenyonya maji tu. Ikaushe kwa moto mdogo mpaka buluu irudi.

Mdau wa Machame: Kwenye sufuria ya nyumbani?
— Tafuta nyingine, na isirudi jikoni kamwe. Buluu ile ni kobalti, ni sumu.