Kabla wembe haujagusa ndevu: kwa anayejinyoa nyumbani Mombasa

Wengi wakitokwa na vipele shingoni huulaumu wembe. Hununua huu, wakajaribu ule, na vipele haviishi. Mimi naona wembe uwe wa mwisho kushukiwa. Raha ya kunyoa kwa maji na sabuni huamuliwa katika zile dakika kumi za kabla, na kwetu Mombasa cha kwanza kuulizwa ni maji: unayonyolea yametoka wapi?

Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji ya kisima hupenya mwamba huo yakabeba chokaa, na mara nyingi yana chumvi pia. Ukiyatia sabuni unapata utando unaong'ang'ania ngozi na wembe, huku povu halitaki kuinuka. Pasipo povu, wembe unakwaruza ngozi tupu. Kwa hiyo tenga maji matamu. Lita moja kutoka kwenye mtungi wa maji ya kunywa yatosha kuosha uso, kukoroga sabuni na kusuuza wembe. Huna ila ya kisima? Yachemshe, yaache yatulie, kisha mimina ya juu polepole. Ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika ni chokaa iliyojitenga. Chumvi haiondoki kwa kuchemsha, lakini sabuni itafanya kazi vizuri zaidi.

Saa ya kunyoa nayo ina neno. Wakati wa Kaskazi, Disemba hadi Machi, jasho halikauki, na jasho juu ya ngozi iliyonyolewa sasa hivi huwasha vibaya. Usiku baada ya kuoga, ukijua unalala, ndio wakati mzuri kuliko wote. Anayetaka kuwa nadhifu kwa sala ya Ijumaa na anyoe alfajiri au usiku wa kuamkia, asingoje saa sita jua likiwa utosini.

Uso ukiwa bado mkavu, pitisha vidole kwenye ndevu. Panapoteleza ndiko nywele zinakolala, panapokwaruza ni kinyume chake. Usidhani uso mzima una mwelekeo mmoja: mashavuni kwa kawaida huteremka, lakini chini ya taya na shingoni mara nyingi hulala ubavu au hupanda juu. Mkono wako utakwenda kwa kufuata ramani hiyo. Jambo hili lina uzito zaidi kwa sisi wenye nywele za kujikunja, kwa sababu unywele uliokatwa chini mno hujipinda ukachoma ngozi na kuingia ndani, na hicho ndicho kipele chenyewe. Ukikuta vipele vimeiva au vinauma, ahirisha. Kupitisha wembe juu yake ni kuongeza vidonda.

Ndevu za wiki au zaidi zipunguze kwanza kwa mkasi au mashine.

Sasa osha uso kwa sabuni laini kuondoa mafuta na vumbi, kisha loweka. Chovya kitambaa safi katika maji ya vuguvugu, kikamue kidogo, kilaze usoni dakika mbili au tatu, ukikichovya tena kikipoa. Unywele ukinywa maji hufura na kulainika, nao wembe huukata bila kuuvuta. Maji yasiwe ya moto wa kubabua, maana hukausha ngozi.

Mafuta ya nazi yanafaa, matone mawili matatu tu, na yapakwe baada ya kuloweka. Ukiyatanguliza yatazuia maji yasiingie kwenye unywele, na yakizidi yanaua povu. Mwenye chunusi ayaache.

Kisha povu. Zungusha brashi juu ya sabuni, ongeza maji kwa matone hadi povu liwe zito, linang'aa na halichuruziki. Lipake kwa kuzungusha ili nywele zisimame, uliache dakika moja. Zima feni kwanza, kwa kuwa upepo wake hulikausha povu kabla hujafika kidevuni.

Wembe uwe wako peke yako, hata kama mwenye kuuomba ni ndugu yako wa tumbo moja. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na damu isiyoonekana kwa macho yatosha kuvibeba. Wembe ukianza kuvuta nywele, utupe. Uchovye kwenye maji ya vuguvugu, anza na mashavu, na uache kidevu na sharubu hadi mwisho, maana nywele za hapo ni ngumu kuliko zote na zinahitaji muda zaidi chini ya povu.