Mtoto mdogo na lugha mbili nyumbani: tunavyoweza kufanya hapa Tanga kwa michezo na vitabu

Wazazi wengi wa Tanga mtoto akizaliwa tu tunahamia Kiswahili mazima, Kidigo au Kisambaa au Kibondei kinabaki cha wakubwa, tunaongea kwenye simu na ndugu wa Mkinga au Lushoto, ama tunakitoa pale tunapotaka mtoto asijue tunasema nini. Akifika miaka sita anapelekwa kwa bibi yake likizo, anakaa kimya pembeni, bibi anaongea wajukuu wengine wanacheka yeye anatoa macho. Inaniuma sana, maana miaka ya mwanzo ndo lugha inaingia yenyewe bila kusukumwa, na hela haihitajiki.

Kwanza toeni hofu. Ile habari kwamba lugha mbili zinamchelewesha mtoto kuongea sio kweli, imefanyiwa utafiti sana. Kinachotokea ni kwamba maneno yake yamegawanyika, mengine yako Kiswahili mengine Kidigo, kwa hiyo ukitaka kujua anajua mangapi hesabu yote kwa pamoja. Na akichanganya, akasema "mama nataka madzi", hajachanganyikiwa, anatumia alilonalo karibu, hata sisi wakubwa tunafanya hivohivo kutwa nzima.

Halafu mkae muamue nani anaongea nini. Kama nyumba nzima ni baba peke yake anayejua Kidigo basi baba aongee Kidigo na mtoto siku zote, hata mbele ya wageni, hata kama mtoto anamjibu kwa Kiswahili. Kama wote mnajua, gawaneni kwa shughuli, mfano kuoga na kulala ni Kidigo, mengine Kiswahili. Cha muhimu lugha ile iwe na kazi yake ya kila siku ndani ya nyumba, sio ya kukumbukwa Jumapili.

Sasa michezo, na hapa ndo penye utamu. Mtoto wa miaka miwili hafundishwi, anachezeshwa. Mpe vifuu vya nazi viwili vitatu, kikombe cha plastiki na mchanga kidogo hapo uani, kaa naye chini kabisa kwenye mkeka, mjifanye mnapika. Anamimina, unasema anamimina kwa lugha yako, anafunika unasema, umeungua kwa uji wake wa mchanga unapiga kelele "ash!" na unalalamika kwa lugha hiyohiyo, anacheka anakupa tena, unaungua tena, na kila akirudia neno linarudi. Fuata macho yake yanaangalia wapi, ukitaja kitu ambacho ameshakishika kinaingia haraka kuliko kumvuta aangalie cha kwako. Na jamani tuache kumhoji, "hii nini? na hii nini?", kwake huo ni mtihani na mchezo umeisha. We sema tu, nyamaza kidogo, mpe nafasi, atasema akiwa tayari. Kujificha nyuma ya pazia, kuhesabu ngazi mkipanda, kupungia bajaji na baiskeli mkiwa mlangoni, vyote vinafaa.

Vitabu vya watoto kwa Kidigo au Kibondei ni shida kuvipata dukani, ila isikuzuie. Chukua kitabu chochote chenye picha kubwa, hata kama kimeandikwa Kiswahili, simulia picha kwa lugha yako, maandishi waachie wenyewe. Dakika tano zinatosha, akifungua kuanzia nyuma mwache, akitaka kitabu kilekile wiki nzima msomee kilekile, kurudia ndo kunakomjenga. African Storybook wana hadithi fupi za bure mtandaoni kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kimo, unashusha ukiwa na bando mnasoma baadaye.

Mi napenda zaidi kitabu cha kutengeneza. Daftari la kawaida, printi picha za watu na vitu vyake: bibi, mnazi wa uani, samaki wa soko la Deep Sea, baiskeli ya babu, bandika ukurasa mmoja picha moja, pitisha selotepu juu maana atakilamba. Kisha mwombe bibi arekodi voisi fupi ya kila picha akuletee kwa WhatsApp. Mtoto anafungua ukurasa, anasikia sauti ya bibi yake, anaijibu.

Katuni zisichukue nafasi yenu, Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Bibi kwenye simu ya video ni tofauti kidogo, anaitika, anauliza, anasubiri jibu.

Akikujibu kwa Kiswahili usimkaripie wala usimcheke matamshi, mrudishie sentensi yake kwa lugha yako muendelee na mchezo.

Ila angalieni hili: akitimiza miaka miwili na bado hana kama maneno 50 kwa lugha zote pamoja, au haungi maneno mawili, au ukimwita kwa nyuma hageuki, mpelekeni kliniki apimwe masikio kwanza. Na yeyote akikwambia uache lugha moja ili aongee haraka, usikubali, endelea na zote mbili huku vipimo vinaendelea.